Mashine janja za mazoezi: Hesabu kwanza, misuli baadaye

WAFANYABIASHARA wa Lindi na Kilwa Masoko wanaofikiria kufungua jimu kwa kutumia mashine janja wana sababu ya kupiga hesabu mara mbili kabla ya kuagiza. Kinachouzwa katika mashine hizo si chuma, bali ni mitindo ya mazoezi, na mitindo hiyo hulipiwa kila mwezi.

Kila fedha za ufuta na korosho zinapoingia mikononi, wenye akiba hutafuta mahali pa kuiweka mbali na nyumba za wageni na bodaboda. Jimu huvutia kwa kuwa mteja hulipa kabla ya kuhudumiwa.

Mfano wa mashine hizo ni Tonal ya Marekani. Hutundikwa ukutani na haina vyuma. Uzito wake hutokana na mota ya umeme inayovuta kamba. Toleo la pili, lililotangazwa Januari 2025, huvuta hadi ratili 250, yaani kilo 113 hivi.

Mitindo minne

Mtindo wa kwanza huongeza uzito wakati wa kushusha. Kuli anayeteremsha gunia polepole kutoka begani anaujua: msuli hustahimili mzigo mkubwa zaidi unaposhusha kuliko unapoinua. Faida yake ni nguvu, na hasara yake ni maumivu ya siku ya pili.

Wa pili ni wa minyororo. Uzito huongezeka kadiri mkono unavyopanda, kama mtu anayeinua ncha ya mnyororo wa nanga uliolala mchangani: kila anapopandisha, pete nyingine huacha ardhi.

Wa tatu ni msaidizi. Mashine ikiona mtu amekwama hupunguza uzito, kazi ambayo katika jimu za vyuma hufanywa na mwenzake anayesimama nyuma yake. Wa nne ni wa kumaliza nguvu: uzito hupungua kidogo kidogo ili mtu aendelee mpaka achoke kabisa.

Kwa mwenye jimu, matumizi ya mitindo hii ni suala la biashara. Mteja mpya aanze na uzito wa kawaida kwa wiki kadhaa, msaidizi akiwa amewashwa. Mtindo wa kushusha uingizwe taratibu, kwa uzito mdogo, na ule wa kumaliza nguvu uachiwe mzunguko wa mwisho. Mteja anayeshindwa kupanda ngazi kesho yake hatarajiwi kulipa ada ya mwezi wa pili.

Hesabu

Bei ya Tonal ya pili ilipotangazwa ilikuwa dola 4,295, na ada ya mwezi dola 59.95. Kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 kwa dola, mashine ni shilingi 10,737,500 na ada ni shilingi 149,875 kwa mwezi. Hapo bado usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 inayotozwa bidhaa zinazoingia nchini.

Tuseme mteja analipa shilingi 30,000 kwa mwezi. Wateja 5 wataishia kwenye ada ya mashine tu. Bei ya mashine ikigawanywa kwa miezi 36, wanahitajika wengine 10. Hao 15, kila mmoja akija mara tatu kwa wiki kwa saa moja, watachukua saa 45, yaani saa saba na nusu kwa siku katika siku sita, kwa sababu mashine huhudumia mtu mmoja kwa wakati. Kodi ya pango, umeme na mshahara wa mwalimu havijaguswa.

Aidha, dhamana ya mashine zilizotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani kwa kawaida hukoma zinapotumika kibiashara.

Mtandao, umeme na chumvi

Mei 2024 ilitoa funzo. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi upande wa Kilwa, na Mei 12 hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom iliyumbisha intaneti nchini. Mashine inayotegemea mtandao na vipuri vya mbali huathirika na yote mawili. Vilevile, vifaa vya soko la Marekani mara nyingi hutumia umeme wa volti 120, wakati wa Tanzania ni volti 230, na hewa ya chumvi ya pwani haioni haya kula chuma wala waya.

Hata watengenezaji wenyewe hawako salama. Kampuni ya Lululemon ilinunua Mirror kwa dola milioni 500 mwaka 2020, na mwaka 2023 ikatangaza kuacha kuuza kifaa hicho. Peloton, iliyopaa wakati wa UVIKO-19, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 2,800 Februari 2022.

La kufanya

Mitindo yote minne inaweza kufanywa kwa vyuma vya kawaida: kushusha kwa kuhesabu hadi nne, mnyororo halisi kwenye ncha za nondo, mwenzako nyuma yako, na kupunguza sahani za chuma moja moja. Mashine janja inamfaa zaidi anayefanya mazoezi peke yake nyumbani. Jimu ya mji inahitaji vifaa vinavyohudumia watu kadhaa kwa pamoja, hata umeme ukikatika.

Kwa anayeshikilia kuagiza, yapo maswali manne ya kumuuliza muuzaji, na majibu yawe kwa maandishi: Ada ikisimama, ni mitindo ipi inabaki? Bila intaneti inafanya nini? Dhamana inaruhusu kutoza wateja? Na ikiharibika Kilwa, fundi anatoka wapi?