Sahani hushawishi kiasi cha mlo

KATIKA mikahawa ya Suna, Kaunti ya Migori, si ajabu ugali na samaki kuandaliwa katika sahani pana. Wengi huamini kuwa tumbo pekee ndilo huamua kiasi cha mlo, lakini macho nayo yana usemi.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichanganua tafiti 72 na kubaini kwamba anayepakuliwa kingi au kupewa chombo kikubwa hula zaidi. Hata hivyo, kipimo kinachopakuliwa kina uzito kuliko upana wa sahani. Baadhi ya makala za Brian Wansink wa Marekani, aliyevumisha sahani ndogo, zilibatilishwa mwaka wa 2017 na 2018.

Mazingira pia huchangia: anayekula akitazama televisheni, au pamoja na marafiki, huelekea kuzidisha.

Kwa mtoto mdogo, hatari ni kinyume. Akila sinia moja na wakubwa huweza kupunjwa bila mama kujua. Ndiyo sababu wataalamu wa lishe hushauri apakuliwe katika bakuli lake mwenyewe.