Kobalti Ilionekana Katika Galaksi Nyingine

Leo hatuzungumuzi kontra wala mushahara. Leo tunazungumuza fasi kobalti inatoka. Hapana Kolwezi, hapana Likasi wala Kambove. Mbele ya hapo.

Mu kila mukutano wa sendika kobalti tunaitaja kwa tani, na kwa bei ile inapangwa kule London. Mutu anaweza kuichimba miaka makumi mbili, nguo zake na kifua chake vikajaa vumbi lake, na hakuna siku hata moja mutu alimwambia kitu hiki ni nini na kilitengenezwa wapi. Mimi nafikiri mufanyakazi asiyejua kile anachobeba, ni rahisi kumudanganya juu yake. Jibu la ulizo hili kuko. Wataalamu walilisoma mbinguni mwaka 1987, na sisi wa migodi tuko na sehemu yetu mu habari ile. Lakini jibu liko mbali sana, na kwa kulifikia inafaa kwanza tujue kupima njia.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi

Kitu kinachokimbia kupita vyote duniani na mbinguni ni mwangaza. Mu sekunde moja unatembea kilometa 300.000. Barabara ya Lubumbashi mpaka Kolwezi iko karibu kilometa 300. Basi mwangaza ungeenda na kurudi mara 500, wakati dreva bado anafunga mulango wa kamyo.

Kutoka mwezi mpaka kwetu, mwangaza unatumia sekunde moja na kidogo. Kutoka jua, dakika 8 na sekunde 20. Kamyo inayotembea kilometa 60 kwa saa, usiku na muchana, bila kupana wala bariere hata moja, ingetumia miaka 285 kwa kufika ku jua. Yule aliyeondoka na kamyo angekufa njiani, na mutoto wake, na mujukuu wake.

Na jua ni jirani wa karibu. Tufanye hesabu ndogo. Twaa punje moja ya haragi, iweke chini pale Place de la Poste mu Lubumbashi, useme: hii njo jua. Dunia yetu itakuwa chembe ya vumbi, metre moja kutoka haragi. Neptune, sayari ya mwisho, itakuwa metre 30, hata barabara hatujavuka. Sasa tutafute jua lingine. Kuko nyota moja yenye kungaa karibu na Musalaba wa Kusini, jina lake Alpha Centauri, kati ya zile za karibu kabisa. Haragi yake tutaiweka wapi? Kilometa 276. Tushike barabara, tupite Likasi, tupite Fungurume, tukaribie Kolwezi. Pale njo tutaweka haragi ya pili. Mu katikati, karibu hakuna kitu. Giza na baridi tu.

Mwangaza wa Alpha Centauri unatumia miaka 4 na miezi kidogo kwa kufika kwetu. Njo maana wataalamu waliacha kuhesabu kwa kilometa, wanahesabu kwa mwaka wa mwangaza, maana yake njia ile mwangaza unatembea mu mwaka muzima. Ni kilometa miliyari 9.460.

Galaksi ni nini?

Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita ao wa saba, umeme ukikatika mu cité nzima, toka inje utazame juu. Utaona mukanda mweupe sawa moshi, unapita mbinguni kutoka upande huu mpaka ule. Mu masomo tuliuita Voie lactée. Ule si moshi. Ni nyota, nyingi na za mbali mpaka jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Zote pamoja, na jua letu ndani yake, ni galaksi yetu: nyota zaidi ya miliyari 100, zikizunguka fasi moja sawa watu wa kijiji kimoja wakizunguka kisima. Upana wake ni miaka ya mwangaza 100.000 hivi. Sisi hatuko katikati. Tuko miaka ya mwangaza 26.000 kutoka pale katikati.

Na galaksi yetu si peke yake. Kuko zingine kwa mamiliyari. Kati ya zile za jirani, moja tunaiona sisi watu wa kusini, na watu wa Ulaya hawaioni mu mbingu yao: Wingu Kubwa la Magellan. Liliitwa hivyo kwa jina la yule bahari Magellan aliyeanza safari ya kuzunguka dunia mwaka 1519. Kwa macho matupu linafanana na kipande kidogo cha wingu. Ni galaksi nzima, ndogo kuliko yetu, na iko mbali nasi miaka ya mwangaza zaidi ya 160.000.

Mufanyakazi aliyetupa metre

Namna gani mutu anapima njia ambayo hakuna kamba inayoifikia? Aliyetupa metre ni mwanamuke, mufanyakazi wa mushahara mudogo. Jina lake Henrietta Leavitt. Alitumika ku Harvard, Marekani, mu kikundi cha wanamuke waliolipwa kwa saa kwa kuchunguza picha za nyota juu ya vioo. Yeye alipata senti 30 kwa saa. Masikio yake hayakusikia vizuri. Kazi ya kutazama mu darubini ilikuwa ya wanaume.

Mu picha za Mawingu ya Magellan, Leavitt aliona kuko nyota ambazo mwangaza wao unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kwa siku zinazohesabika. Mwaka 1912 alionyesha sheria yake: nyota inayotumia siku nyingi kwa kupanda na kushuka iko na nguvu mingi ya mwangaza. Fahamu hivi. Ukijua lampi ya mwenzako mu galeri iko na nguvu gani, na unaiona ndogo kule mbele, unajua yeye yuko mbali kadiri gani. Leavitt alifundisha dunia kujua nguvu ya lampi.

Edwin Hubble alishika metre ile. Mwaka 1923 alipata nyota ya namna hiyo ndani ya Andromeda, na hesabu ilionyesha Andromeda iko inje kabisa ya galaksi yetu. Leo tunajua ni miaka ya mwangaza miliyoni 2 na nusu. Mu siku ile mbingu ilipanuka mbele ya macho ya watu. Mwaka 1925 mutaalamu mumoja wa Sweden aliandikia Leavitt barua, akitaka kumupendekeza kwa zawadi ya Nobel. Walimujibu kwamba alikwisha kufa mwaka 1921.

Asubui ya tarehe 23 mwezi wa pili 1987

Sasa tunafika ku mugodi. Wale wazee waliokuwa ku kazi wakati jimbo letu lilikuwa likiitwa Shaba watakumbuka mwaka ule. Tarehe 23 mwezi wa pili ilikuwa siku ya kwanza. Saa ya kwetu ilikuwa 9 na dakika 35 asubui, watu wako kazini. Mu nukta ile kitu kilipita ndani ya mwili wa kila mutu, mamiliyari na mamiliyari ya chembe zinazoitwa nyutrino, na hakuna aliyesikia hata kidogo. Nyutrino inapita mu mwamba sawa vile hewa inapita mu wavu.

Lakini kule Japani, ndani ya mugodi wa Kamioka, karibu metre 1.000 chini ya mulima, mashini ilikuwa macho. Kamioka ilikuwa mugodi wa zinki na plomb. Watu wa Kipushi wanafahamu mugodi wa namna hii. Mu jumba lililochongwa mu mwamba waliweka tanki ya maji safi tani 3.000, na kando-kando yake macho ya umeme karibu 1.000. Juu ya nini chini vile? Kwa sababu juu, mvua ya chembe zingine kutoka mbinguni ni mingi, kelele yake inafunika kila kitu. Mwamba unazuia kelele. Chini ya mwamba, kuko kimya.

Mashini ile ilikamata nyutrino 11 mu sekunde 13. Mugodi wa chumvi kule Ohio, Marekani, ulikamata 8. Tuneli moja mu milima ya Caucase ilikamata 5. Jumla 24, mu zile zote zilizopita. Na Wingu la Magellan halionekani kamwe kutoka Japani, linabaki chini ya dunia. Basi nyutrino za Kamioka zilipenya dunia nzima na kutokea chini, upande wa miguu.

Usiku uliofuata, kule Chile, ku Las Campanas, fundi wa darubini jina lake Oscar Duhalde alitoka inje kidogo, akatazama mbingu kwa macho yake, akaona nyota ndani ya Wingu la Magellan ambayo haikuwa pale. Usiku uleule Ian Shelton aliiona mu picha aliyopiga. Habari ilienea dunia nzima. Wataalamu wa Japani walifungua bande za mashini yao, wakakuta mugodi ulikwisha kuandika, saa karibu 3 mbele mwangaza haujaonekana. Masatoshi Koshiba aliyeongoza kazi ile alipata zawadi ya Nobel mwaka 2002.

Kobalti iliyosomwa mbinguni

Ilikuwa nini? Nyota yenye uzito karibu mara 20 ya jua ilikufa. Nyota kubwa inaishi kwa kuchoma: idrojeni kwanza, kisha vingine vizito zaidi, mpaka ndani yake kunabaki chuma. Chuma hakimupi moto tena. Basi tumbo la nyota linaanguka ndani yake mu kitambo kisichofika sekunde moja, sawa galeri isiyo na miti ya kushikilia, na sehemu ya inje inarushwa mbali.

Mu moto ule inapikwa nikeli ya namna moja, nikeli 56. Haidumu. Mu siku 6 nusu yake inageuka kobalti 56. Na kobalti ile, kila siku 77, nusu yake inageuka chuma. Wakati inageuka inatoa nguvu, na nguvu ile njo iliwasha mabaki ya nyota. Wataalamu walipima mwangaza mwezi kwa mwezi. Ulipungua kwa hesabu ya kobalti. Mu mwezi wa nane 1987 satelaiti moja ilianza kukamata mionzi ambayo kobalti 56 peke yake inatoa, sawa saini chini ya barua. Uzito wa nikeli ile yote, iliyogeuka kobalti, walipata unapita dunia yetu mara 20.000.

Soma tena, mundugu: si milima, si nchi. Dunia nzima, mara 20.000.

Kobalti ya kwetu si ileile. Yetu ni kobalti 59, haigeuki, inadumu. Lakini nayo ilipikwa ndani ya nyota, za galaksi yetu hii, zilizokufa mbele jua letu halijazaliwa, miaka zaidi ya miliyari 4 na nusu iliyopita. Mavumbi yao yalikusanyika, yakawa jua na dunia. Nyuma yake, maji na miamba vilifanya kazi ya polepole ya kuikusanya hapa Katanga pamoja na shaba. Wazee wetu waliyeyusha shaba ile kufanya misalaba. Sisi tunaipakia mu makamyo.

Sasa turudi kwa mambo yetu. Kuko watu wanaotaka uamini kwamba kazi yako ni ya mikono tu, na elimu ni ya watu wengine. Habari hii inasema neno lingine. Metre ya mbingu ilitoka kwa mwanamuke wa senti 30 kwa saa. Macho ya kwanza kule Chile yalikuwa ya fundi wa usiku. Na bila watu waliojua kuchonga mwamba bila uanguke, tanki ya Kamioka haingekuwa. Njo maana tunapodai kalasa yenye mwalimu wa fizike ku kambi, hatuombi pambo. Na mutoto akiuliza jiwe hili lilitoka wapi, musimuambie “ya Mungu, nyamaza”. Mumuambie mujuavyo, kisha mumupeleke ku masomo akajue zaidi yenu. Vumbi la nyota nalo linaharibu mapafu: maski tutaendelea kuzidai.

Mwezi wa tisa, ukiamka kwa posti ya asubui, toka mbele jua halijapanda. Simama mbali na taa za usine, tazama kusini, upande wa Zambia, hapana juu sana. Ukiona kiwingu kidogo ambacho upepo hausukumi, ni galaksi ile. Mwangaza unaoingia mu jicho lako uliondoka kule miaka zaidi ya 160.000 iliyopita, na haukusimama fasi popote mpaka kukufikia wewe, na kaske yako mukononi.