Kitabu Hakipo Hapa, Lakini Kipo

Wenzangu wengi wakiambiwa na kompyuta ya maktaba kwamba kitabu cha Kiswahili hakipo, basi wanaandika insha bila hicho kitabu. Mimi nasema bado mapema. Ingia WorldCat, ni bure, andika jina la kitabu, itakuonyesha maktaba zenye nakala. Kisha mwombe mkutubi wako akuazimie huko. Vyuo vingi vina huduma hiyo, na mara nyingi mwanafunzi halipi kitu.

Mambo haya yalianzia Ohio, Marekani. Mwaka 1967 vyuo 54 vya jimbo hilo viliunda umoja, OCLC, na tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya Alden ya Ohio University ikawa ya kwanza kuorodhesha vitabu kwa mtandao huo. Kwa nini maktaba hamsini ziandike kadi hamsini za kitabu kile kile? Moja inaandika, nyingine zinachukua.

Kinachowezesha ni MARC, mpangilio aliouongoza Henriette Avram wa Library of Congress miaka ya 1960. Kila habari ina namba yake: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu. Kompyuta haihitaji kujua Kiswahili, inafuata namba tu. (Shida ni kwamba hata aliyeandika rekodi huenda hakijui! Shaaban Robert mtafute kwa Shaaban, ukikosa kwa Robert.)

Makumbusho ndiko kwenye kazi. Kitabu kina nakala nyingi, lakini ngoma ya mzee fulani iko moja tu duniani, kwa hiyo hakuna rekodi ya kuchukua kwa jirani. Kila makumbusho huandika kwa mtindo wake, yaani "ngoma, Afrika Mashariki", basi. Sasa mtu wa Tana River atajuaje kwamba ni ya kwao? Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, iko British Museum tangu 1908. Kati ya 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii na makumbusho mawili ya Ujerumani walikusanya pamoja orodha za taasisi 30 za nje. Wakapata vitu zaidi ya 32,000 vilivyotoka Kenya! Huwezi kudai usichojua kilipo.

Kama chuo chako kina makumbusho, omba uione orodha ya vitu vya kwetu. Ukikuta chombo unachokijua kimeandikwa ovyo, mwandikie mhifadhi: jina lake halisi, kinatoka wapi, kinatumika vipi. Kurekebisha rekodi kwenye kompyuta si kazi kubwa.