Smith: Jina la Mhunzi na Hadithi Zake

Jina Smith unalijua hata kama hujawahi kukanyaga Uingereza. Umelisikia kwenye filamu, kwenye mpira, na kwenye vitabu vya uchumi kupitia Adam Smith. Ndilo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Uingereza na Marekani, na hadithi zake nazo ni nyingi. Tuzipime.

"Smith maana yake mhunzi." Kweli. Neno hili lilikuwamo katika Kiingereza cha kale kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066. Mataifa mengine yana lao: Mjerumani ana Schmidt, Mfaransa Lefebvre, Mpoland Kowalski, na Mwarabu Haddad, jina linalofahamika vyema pwani yetu kwa wasomaji wa uradi uitwao Ratib al-Haddad.

"Jina limeenea kwa sababu wahunzi walikuwa wengi." Si kweli, na hapa ndipo penye utamu. Waliokuwa wengi ni wakulima. Lakini kijiji kizima kinapolima, ukisema "John mkulima" hujamtambulisha mtu. Mhunzi alikuwa mmoja, labda wawili, na kila mwenye jembe butu, farasi asiye na kiatu au bawaba iliyovunjika alimwendea. Ukisema "John mhunzi", hakuna aliyeuliza ni yupi. Kijiji hiki kikawa na Smith wake, na kile cha jirani kikawa na wake. Uchache wa mhunzi kijijini ndio uliolizidisha jina lake nchini.

"Basi Smith wote ni ndugu." Si kweli, kwa sababu hiyohiyo: jina lilizaliwa mahali pengi, kila mahali kivyake. Baadaye wakaongezeka wengine. Wapo Waskoti walioacha Gow, neno la Kigaeli lenye maana ileile, na wahamiaji wa Kijerumani waliogeuza Schmidt walipofika Marekani. Wapo pia Wamarekani weusi ambao wazee wao walibaki na jina hilo kutoka utumwani, au walilichagua wenyewe walipopata uhuru.

"Mtoto alirithi kazi pamoja na jina." Kweli, kwa muda. Wahenga wetu walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kwa vizazi vya mwanzo walipatia kabisa. Kisha jina likaiacha kazi nyuma. Orodha za kodi ya kichwa za mwaka 1379 na 1381 tayari zina watu ambao jina linasema hili na kazi iliyoandikwa kando yake inasema lingine.

"Smythe mwenye y ni wa ukoo bora." Si kweli. Makarani waliandika walivyosikia. Hata katika sajili za parokia za ubatizo, ndoa na maziko, zilizoamriwa na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, mwaka 1538, mtu huyohuyo anaweza kuwa Smith leo na Smyth kesho.

"Ukoo wa Smith una nembo yake." Si kweli, ingawa maduka ya watalii yanaiuza kwenye vikombe na vitambaa. Kwa sheria ya Uingereza nembo hupewa mtu, kisha wazao wake, wala haipewi jina. Shughuli hiyo iko mikononi mwa College of Arms ya London, iliyoanzishwa mwaka 1484. Smith anayedai nembo hana budi kuthibitisha, baba kwa baba, kwamba ameshuka kwa yule aliyepewa.