Mkwezi, Kamba na Msumeno: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kukata Mti Uani Kwako

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila mwaka, mawingu ya masika yanapoanza kujikusanya juu ya bahari, wakazi wa Mbezi Beach hukumbuka miti yao. Mwembe uliotoa kivuli mwaka mzima huonekana ghafla kuwa umeliegemea paa mno. Mkungu ulio kando ya ukuta huanza kuhesabiwa matawi, na mvinje wa jirani hutazamwa kwa jicho la mashaka. Ndipo hutafutwa kijana mwenye msumeno. Huja kwa bodaboda, msumeno ukiwa umefungwa nyuma ya kiti na kamba ya plastiki imezungushwa begani. Hupatana bei langoni, na baada ya nusu saa yumo juu ya mti, mita nane au kumi kutoka ardhini, mkono mmoja ukishika mashine yenye meno na wa pili ukishika tawi.

Makala haya yanahusu kinachotokea huko juu, na sababu ya mwenye nyumba aliye chini kupaswa kukielewa. Kazi ya kukata miti mirefu mijini ni miongoni mwa kazi za hatari ambazo tunazinunua kwa bei ya kibarua cha kufyeka nyasi. Miaka michache iliyopita, katika mtaa mmoja wa manispaa yetu, mwandishi alikuta umati umekusanyika chini ya mwarobaini. Kijana aliyekuwa akikata alikuwa amelala mchangani, paja limevunjika. Msumeno wake ulipomaliza kukata tawi uliendelea na safari yake, ukagusa kamba aliyojifungia. Kamba ilikuwa moja tu. Alipona, lakini mabishano yaliyofuata pale pale ya nani atalipa gari, nani atalipa hospitali, na nani alimwita, hayakuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyafikiria kabla.

Tuanze na kamba, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi.

Nchi yetu ina historia ndefu ya kamba. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inaelezwa kuwa kati ya miche aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakazaliwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na kamba ya katani ikawa kamba ya kila kazi, kuanzia kufunga ng'ombe hadi kuvutia majahazi. Katani ni nzuri kwa mzigo wa kawaida. Kwa uhai wa mtu haifai tena: huoza ndani kwa ndani ikilowa na kukaushwa mara nyingi, huku nje ikionekana nzima.

Mahali pake pamechukuliwa na kamba za plastiki za rangi zinazouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ambazo wengi wetu huziita manila. Kamba hizi ni nyepesi, rahisi, wala hazinywi maji. Zina adui wawili. Wa kwanza ni jua: zikianikwa miezi kadhaa juu ya banda, nyuzi zake hukatika zenyewe na kuacha vumbi la rangi kiganjani. Wa pili ni joto. Kamba ikisuguana na kamba nyingine, au ikizunguka tawi kwa kasi huku imebeba gogo, huchemka, na plastiki hii huyeyuka katika nyuzi joto zipatazo 160. Fundi mzoefu anaijua harufu yake.

Kamba iliyotengenezwa mahususi kwa wapanda miti kwa kawaida husukwa kwa poliesta au kwa nailoni iliyochanganywa nayo, na hustahimili joto kubwa zaidi. Kanuni za kazi hii nchini Marekani zinataka kamba ya kupandia iwe na unene usiopungua nusu inchi na iweze kuhimili uzito unaokaribia kilo 2,450 kabla ya kukatika. Msomaji anaweza kuuliza: mtu wa kilo 70 anahitaji kamba ya kilo elfu mbili na zaidi kwa nini? Jibu liko katika mambo mawili. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi, kwa kuwa nyuzi zilizokunjwa hazibebi mzigo kwa usawa. Na mzigo unaoanguka si sawa na mzigo uliotulia. Gogo la kilo 100 likidondoka mita 2, kisha kamba ikalisimamisha ndani ya nusu mita, kamba hiyo huvutwa kana kwamba imebeba kilo 500, na kilele cha mshtuko huzidi hapo. Kilo 100 si gogo kubwa: kipande cha shina bichi chenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita moja hufika uzito huo na kuupita.

Kwa sababu hiyo fundi makini huja na kamba za aina mbili, wala hazichanganyi. Moja ni ya kumbeba yeye. Nyingine, pamoja na kapi, ni ya kuteremshia matawi. Kamba iliyokwisha kuvuta magogo haibebi mtu tena. Aidha, anapowasha msumeno akiwa juu hujifunga sehemu mbili: kamba kuu iliyopitishwa kwenye tawi imara juu yake, na kamba fupi inayozunguka shina, ambayo mara nyingi huwa na waya wa chuma ndani ili kupunguza madhara ya meno ya msumeno. Kama yule kijana wa mwarobaini angekuwa na kamba hiyo fupi, angebaki akining'inia na hofu yake, basi.

Lipo pia fundo linalomwezesha mpandaji kusogea juu na kushuka bila kufungua chochote. Ni kamba nyembamba inayozungushwa mara tatu kwenye kamba kuu. Ikivutwa hukaza, ikiachiwa huteleza. Lilitangazwa mwaka 1931 na mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, na hadi leo lina jina lake. Wakwezi wa minazi wa pwani yetu walikuwa na hekima inayofanana na hiyo muda mrefu kabla: kitanzi cha miguuni kinachobana shina mtu anapojinyoosha na kulegea anapojikunja. Tofauti ni kwamba kitanzi cha mkwezi humsaidia kupanda tu. Mkono ukiteleza, hakuna kinachomdaka.

Sasa msumeno. Mafundi wengi huuita chenso. Ni mashine ya mapigo mawili, yaani haina oili yake ya injini. Oili huchanganywa ndani ya petroli. Misumeno mingi ya kisasa hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, sawa na mililita 20 kwa lita moja, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha mashine yenyewe. Oili ikipungua, pistoni hukwaruzika na mashine hufa mchana mmoja. Ikizidi, plagi hujaa masizi na msumeno huzimika kila dakika tano, mara nyingi wakati ambapo tawi limekatwa nusu. Petroli iliyokaa miezi kwenye tangi huacha utando ndani ya kabureta, na hapo ndipo utamwona fundi akivuta kamba ya kuwashia mara ishirini, jasho likimtoka, kabla hata ya kupanda. Mchovu wa namna hiyo hapaswi kupanda siku hiyo.

Mbezi Beach ina matatizo yake ya ziada. Hewa ya chumvi hushika kutu mnyororo uliolala bila kupakwa mafuta. Mchanga nao ni mbaya zaidi: gogo likiburutwa chini kisha likakatwa, punje zilizojishika kwenye gome hunyang'anya meno makali yake kwa sekunde chache. Mbao za mnazi, ambazo ni ngumu sana upande wa nje, hufanya vivyo hivyo polepole, na mvinje mkavu hauko mbali. Kuna njia rahisi ya mwenye nyumba kupima. Msumeno mkali hutoa vipande vidogo vya mti. Msumeno butu hutoa vumbi laini kama unga. Ukiona unga na moshi, fundi analazimika kuusukuma msumeno kwa nguvu za mwili wake, na mtu anayesukuma hupoteza mizani mti unapoachia. Mwombe ashuke anoe. Tupa ya duara na dakika kumi zinatosha.

Wapo wanaotia oili chafu ya magari kwenye tangi la kulainishia mnyororo ili kubana gharama. Oili hiyo ina chembe za chuma zinazoharibu pampu yake ndogo, na huruka kwenye ngozi ya mtumiaji na kwenye bustani yako.

Hatari kubwa kupita zote ni msumeno kuruka nyuma. Mnyororo hukimbia kwa takriban mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa tawi jingine, mashine nzima hurushwa kumwelekea aliyeishika, kwa kasi ambayo hakuna mkono unaoiwahi. Breki ya mnyororo, ile ngao iliyo mbele ya mshikio, iliwekwa kwa ajili ya tukio hilo. Baadhi ya mafundi huing'oa kwa sababu inawasumbua. Iangalie kabla hamjapatana bei: kama haipo, tafuta fundi mwingine.

Mnazi uliokufa unastahili maneno yake. Pwani yetu imepoteza minazi mingi kwa ugonjwa unaoua kilele, na kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Mikocheni, ndani ya manispaa hii hii, kimekuwa kikiushughulikia kwa miaka mingi. Kilele kikianguka hubaki nguzo tupu isiyo na tawi hata moja la kufungia kamba juu ya kichwa, nayo huoza bila kuonyesha dalili kwa nje. Fundi asikubali kuukwea. Huangushwa kutoka chini kama kuna nafasi, au hukatwa kwa vipande kutoka kwenye jukwaa la gari la kunyanyulia. Gharama yake ni kubwa zaidi, na haiepukiki.

Mara nyingi, hata hivyo, mti hauhitaji kuangushwa. Unahitaji kupogolewa. Tumezoea kukata kichwa chote cha mwarobaini na kuacha kisiki kirefu chenye mikono iliyokatika, tukidhani tumeupunguza. Mti hujibu kwa kuchipusha matawi mengi membamba yaliyoshikamana na gome tu, na baada ya miaka michache hayo ndiyo huanguka upepo ukivuma. Upogoaji sahihi huondoa tawi zima hadi karibu na shina, pale palipovimba kidogo kama kola, bila kuikata kola yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayofunga kidonda. Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu: kwanza chini yake kidogo, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, ili lianguke bila kuchana gome, mwisho kipande kilichobaki. Rangi na lami juu ya kidonda havisaidii.

Tawi lililo karibu na nyaya za umeme liko nje ya mamlaka ya mwenye nyumba na ya fundi wake. Mti mbichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa vilevile. Kanuni za Marekani humkataza asiye fundi wa umeme kusogea ndani ya mita 3 za waya. Huku kwetu njia ni moja: toa taarifa TANESCO, wazime laini au wakate wenyewe. Mti ulioanguka juu ya waya usiguswe, hata kama taa za mtaa zimezimika. Mapema Mei 2024, wakati kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, wengi waliharakisha kukata matawi siku hiyo hiyo. Upepo ukishaanza, hakuna mtu anayepaswa kuwa juu ya mti. Panapokuwa na mtu aliyenaswa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kuhusu yule kijana na bili ya hospitali: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, huendeshwa kwa michango ya waajiri. Fundi wa kampuni iliyosajiliwa yumo ndani ya utaratibu huo. Kijana aliyepatikana kituo cha bodaboda hana anayemchangia. Ukimchagua, kubalianeni kwa maandishi, mbele ya shahidi, juu ya matibabu, ukuta wa jirani na paa. Muulize pia kama msumeno wake umesajiliwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na nani atasimama chini kuongoza kamba na kuzuia watoto. Fundi anayekuja peke yake hajaja kamili.

Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wako hata kama uliupanda mwenyewe. Za mitaa ziko chini ya TARURA, na Barabara ya Bagamoyo iko chini ya TANROADS. Kwa mti ulio ndani ya kiwanja chako, anzia ofisi ya Serikali ya Mtaa kwa barua inayotaja aina ya mti, mahali ulipo na sababu ya kuukata au kuupogoa, ukiambatisha picha. Kutoka hapo barua hupitia kwa Mtendaji wa Kata na kufika kwa wataalamu wa mazingira wa manispaa. Magogo yakisafirishwa nje ya eneo yanahitaji hati ya mazao ya misitu, hivyo eleza mapema yatapelekwa wapi. Barua zipelekwe Januari au Februari, kabla foleni ya masika haijaanza.