Thibitarĩ, cukuru na Runyenjes: maneno ya kigeni vinywani mwa Waembu na Wameru

Neno hospitali lina asili ya Kilatini, lakini Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Katika Kifaransa cha kale, h yake ilikuwa imeshanyamaza. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, neno hilo na maelfu ya mengine yaliingia katika Kiingereza, kisha wasomi wakairudisha h kwenye maandishi kwa heshima ya Kilatini, na hatimaye watu wakaanza kuitamka kwa sababu tu imeandikwa. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya h hiyo ikaanguka tena. Wazee wa Embu husema thibitarĩ, sawa na majirani zao Wakikuyu, na upande wa Meru husikika cibitari.

Mwenye sikio la Kiswahili sanifu anaweza kudhani ni kuteleza kwa ulimi. Sivyo. Kila sauti hapo imebadilika kwa utaratibu wake. Silabi ya kwanza imeachwa, kama ilivyoachwa pia katika sipitali ya baadhi ya Waswahili. Kiembu cha asili hakina s, kwa hiyo sauti iliyo karibu nayo imeshika nafasi yake, nayo ni th, inayotamkwa kama dh ya dhahabu. L imekuwa r, maana r ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Nayo p imekuwa b, tena b laini ambayo midomo haifungi kabisa.

Habari ya p inahitaji maelezo zaidi. Lugha za Kibantu zilikuwa nayo zamani, na Kiswahili kimeihifadhi katika maneno kama hapa na pale. Mlimani ilipotea, na kila jamii ikaipoteza kivyake. Neno la mahali ni handũ kwa Kikuyu, vandũ kwa Kiembu na antũ kwa Kimeru: p ya kale imekuwa h kwa mmoja, v kwa wa pili, na kwa wa tatu haikuacha hata alama. Ndiyo maana mpira ulipofika ukaitwa mũbira.

S ndiyo iliyopokewa kwa njia zaidi ya moja. Maneno mengi yaliyopanda mlima kutoka pwani kwa kinywa cha Kiswahili yalipata th: saa ikawa thaa, karatasi ikawa karatathi, askari akawa mũthigari. Lakini shule ni cukuru, ambamo c husomwa kama ch nyepesi. Neno hilo halikutoka kwa Waswahili. Kiswahili kilichukua shule kutoka Kijerumani, ilhali watu wa mlimani walilichukua la Kiingereza moja kwa moja kutoka madarasa ya wamisionari, Waanglikana wa Kigari karibu na Embu na Wamethodisti wa Kaaga mjini Meru, katika miaka ya 1910. Lugha hizi hazitaki konsonanti mbili za namna ya s na k zifuatane, wala neno liishie kwa konsonanti. Kwa hiyo u iliyokuwa moja katika school ikazaa wenzake wawili, na silabi moja ya Mwingereza ikawa tatu.

Waingereza wenyewe walifanya hivyo hivyo kwa Kifaransa. Maneno waliyoyapokea Enzi za Kati, kama table na village, yamezoea Kiingereza kiasi kwamba msemaji wa kawaida hajui kuwa ni ya wageni. Yaliyokuja baadaye, kama ballet, bado yameshikilia t isiyotamkwa, ingawa mkazo unabishaniwa: London huuweka kwenye silabi ya kwanza, Marekani kwenye ya mwisho. Garage, neno la mwanzoni mwa karne ya 20, bado limegawanya watu. Wapo Waingereza wanaojitahidi kulimaliza kwa sauti ya Kifaransa, na wapo wanaolimaliza kama village. Fundi wa mji wa Maua, Meru, au wa Runyenjes, Embu, anayesema gereji ameshachagua upande bila kujua, kwa kuwa ile j ya mwisho inaonyesha neno lilitoka kwa Waingereza wa kundi la pili. Waswahili wa Lubumbashi, waliotawaliwa na Wabelgiji, walilipata neno la hospitali kutoka Kifaransa moja kwa moja, nao husema lopitalo, pamoja na l' ya Kifaransa mwanzoni.

Kukopa kulikwenda pia upande wa pili, na huko wageni hawakufanya vizuri zaidi. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiembu na Kimeru zina saba. Mbili za ziada huandikwa kwa alama ya wimbi: ĩ, iliyo kati ya i na e, na ũ, iliyo kati ya u na o. Wameru hujiita Amĩĩrũ. Mgeni aliyeisikia ĩ hiyo ndefu aliiandika e, tukapata Meru. Irabu hiyo hiyo ya Kĩrĩnyaga, jina la mlima kwa Kikuyu, iliandikwa i.

Jina la nchi nzima liliingia katika utata huo. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima akiwa Ukambani, huko Kitui, akaandika jina alilolisikia kama Kenia, na pengine Kegnia. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa. Waembu huuita Kĩrĩnyaa, na Wameru wana jina lao kabisa, Kĩrĩmaara. Koloni lilipopewa jina la Kenya mwaka 1920, Waingereza walilitamka Kiinya. Kufikia uhuru wa 1963 matamshi yenye e ndiyo yaliyoshika, yakifanana na jina la Kenyatta, na ile i ndefu ikaonekana ni ya kikoloni. Kwa masikio ya Mwembu, pande zote mbili zimekosea kidogo, kwani sauti yenyewe iko katikati.

Tahajia nayo imeongeza mkanganyiko. Baraza la wazee wa Meru huandikwa Njuri Ncheke kwa mkono wa Kiingereza na Njuri Nceke kwa mkono wa Kimeru. Jina la mji wa Nkubu, Meru, humshinda mgeni, ambaye huipa n silabi yake au huiacha kabisa, ilhali Mmeru huitamka pamoja na k kwa pumzi moja, kama afanyavyo kwa majina ya watu kama Nkatha na Ntwiga.

Leo vijana hutamka s, p na l bila shida, na mtu mmoja aweza kusema thibitarĩ akiwa na nyanya yake, hospitali akiwa sokoni, na hospital akihojiwa kazi. Anayechanganya huambiwa ameshrabu, yaani lugha ya mama imejitokeza katika matamshi yake, akachekwa, japo Mwingereza asemaye garage kama village hachekwi na mtu huku kwetu. Kiembu nacho kimekubali jambo ambalo zamani kisingelikubali: mji wa Runyenjes, ulioitwa kwa jina la Chifu Runyenje, umebaki na s ya umiliki ya Kiingereza mwishoni, na wenyeji huitamka.