Lugha Yako ya Kwanza ya Programu: Chagua Kazi Kabla ya Kuchagua Lugha

Una simu, una hamu ya kutengeneza programu, na tayari umeulizia watu. Mmoja amekuambia uanze na Python. Mwingine anaapa kwa Java. Wa tatu anasema achana na hizo, siku hizi ni JavaScript. Na katikati ya kelele hiyo kuna tangazo: lipa ada leo, baada ya wiki chache utakuwa msanidi programu. Kabla hujaweka PIN yako, soma hii kwanza.

Kuuliza "lugha gani ni bora" ni kama kuuliza gari gani ni bora bila kusema kama unabeba abiria au mchanga. Swali lenye faida ni hili: unataka kutengeneza nini?

Kazi gani, lugha gani?

*Tovuti.* Anza na HTML na CSS, zinazopanga ukurasa na sura yake, kisha uingie JavaScript. Lugha hii ilizaliwa 1995 na inafanya kazi ndani ya kivinjari chochote, kwa hivyo huhitaji kusakinisha chochote cha ziada. Usiichanganye na Java. Majina yanafanana tu, lugha ni mbili tofauti.

*Tovuti za biashara ndogo.* Duka, kanisa au shule ikitaka tovuti ya haraka, mara nyingi hujengwa kwa WordPress, ambayo imeandikwa kwa PHP. Ukiijua PHP, unaweza kupata vibarua vya kurekebisha tovuti kama hizo.

*Apu za Android.* Tangu 2019, Google inapendekeza Kotlin. Lakini angalia mashine yako kwanza: Android Studio, programu inayotumika kuziandika, ni nzito na inataka kompyuta yenye RAM ya angalau GB 8. Laptopu dhaifu itakukatisha tamaa mapema.

*Hesabu, data na akili bandia.* Hapa ni Python. Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa 1991, na maandishi yake ni mepesi kusoma, ndiyo maana wanaoanza wengi huelekezwa huko. Kama bado hujui unataka kutengeneza nini, anza nayo.

Ndani, mawazo ni yale yale

Unapotuma pesa, mfumo hujiuliza kitu kimoja kabla ya kukubali: salio linatosha kiasi hicho pamoja na ada? Kwa Python, swali hilo linaandikwa hivi:

salio = 480
kiasi = 500
ada = 7

if salio >= kiasi + ada:
    print("Pesa zimetumwa")
else:
    print("Salio halitoshi")

Neno *if* ni "kama", na *else* ni "la sivyo". Hapa jibu litakuwa "Salio halitoshi", ujumbe ambao wengi wetu tunaufahamu vizuri sana mwisho wa mwezi! (Ada hiyo ni ya mfano tu.) JavaScript nayo itauliza swali hilo hilo, ila mabano yataongezeka.

Kwa hivyo lugha ya kwanza si ndoa. Ukishaelewa kuhifadhi thamani, kuweka masharti na kurudia kazi, lugha ya pili huja kwa kasi zaidi. Kinachowaangusha wengi ni kuhamahama: wiki mbili hapa, wiki tatu kule. Mshika mawili moja humponyoka. Chagua moja, uipe miezi mitatu bila kuangalia pembeni.

Linda pesa zako unapojifunza

- *Jaribu bure kabla ya kulipa.* freeCodeCamp haitozi ada, na masomo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard yako wazi mtandaoni. Bando likiwa dogo, tumia masomo ya kusoma kama W3Schools. Video humaliza data haraka.
- *Anza na ulicho nacho.* Apu kama Pydroid 3 hukuwezesha kuandika Python kwenye simu ya Android. Kibodi ni ndogo, ni kweli, lakini itakuonyesha kama kazi hii unaipenda kabla hujakopa pesa za laptopu.
- *Ukiamua kulipia kozi, uliza maswali.* Nani anafundisha? Naweza kulipa kwa awamu? Nikiacha, narudishiwa pesa? Anayekuhakikishia kazi ilhali anakuharakisha utume ada kwa nambari ya mtu binafsi, mkwepe.
- *Soma jina kwenye skrini kabla ya kuthibitisha,* na uhifadhi ujumbe wa malipo. Hakuna mwalimu anayehitaji PIN yako.

Mradi wa kwanza

Usisubiri wazo kubwa. Tengeneza programu ya chama chenu: iingize majina, ijumlishe michango, kisha ionyeshe nani bado hajatoa mchango wa mwezi huu. Ikifanya kazi, mpe mweka hazina aijaribu. Atakuuliza mambo ambayo hukuyafikiria, kama vile mtu aliyelipa nusu awekwe wapi. Kujibu maswali kama hayo ndiyo kazi yenyewe ya msanidi programu.

Basi, chagua lugha moja leo, na uandike mistari yako mitano ya kwanza kabla ya kulala.